Tupeane uzoefu: kuishi na dreni ndani ya nguo ya kubana

Kiuno Kipya (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu wapendwa. Nyuzi za kukaza tumbo na kunyonya mafuta zimejaa picha za kabla na baada. Zile wiki za katikati zinarukwa. Unatoka wodini mirija ya dreni, ile ya kutoa maji chini ya ngozi, inaning'inia kwenye nyonga, nguo ya kubana imekukamata kuanzia chini ya matiti hadi mapajani, na hapo hakuna anayepiga picha.

Mimi nimekaza tumbo na kunyonywa mafuta ubavuni. Nina dreni mbili, zimetokea juu kidogo ya kinena, kulia na kushoto. Kila mrija unaishia kwenye kipira cha plastiki kinachoenea kiganjani. Unakibinya, unafunga kizibo, nacho kikiwa kinajaribu kurudi kwenye umbo lake ndipo kinavuta maji yaliyobaki chini ya ngozi. Hilo nimelielewa. Tatizo ni kwamba daktari hataki nivue nguo isipokuwa wakati wa kuoga, na kila nikifunga zipu naona mrija umelala vibaya, mara umekunjika, mara unanichoma.

Mliopita njia hii: mrija mliupitisha wapi? Mlilalaje, mlioga vipi, na mlijuaje kama nguo imebana kupita kiasi? Naomba walioyapitia wenyewe au waliouguza. Wauzaji wa koseti leo pumzikeni.

---

Mama Pacha

Pole sana dada, na hongera pia. Nilikazwa tumbo na kushonwa misuli iliyoachana baada ya kujifungua pacha, kwa hiyo nguo hiyo naijua vizuri.

Nikupe la kwanza kabla ya mengine yote: vipira vikae NJE ya nguo ya kubana. Mrija ndio unaopita ndani, kipira hakipiti. Dada yangu, kwa nia njema kabisa, siku wageni walipokuja kunijulia hali alivichomeka vyote viwili chini ya nguo ili visionekane. Wageni wakakaa, wakaongea, wakaondoka. Jioni tunapima, upande wa kulia umetoa kidogo mno kuliko asubuhi. Tukafurahi! Tukadhani tumepona haraka. Usiku upande ule ukaanza kuwa mzito, nikigeuka nahisi kama kuna kitu kinacheza ndani.

Nesi alipokuja hakuuliza mengi, alifungua nguo akavitoa. Akatueleza kwamba kipira kinavuta kwa sababu kinataka kutanuka. Ukikibana kwa kitambaa kigumu hakina pa kutanukia, kwa hiyo hakivuti chochote, na maji yanabaki tumboni. Kipimo kikishuka ghafla, kabla ya kufurahi kagua njia kwanza.

Njia yenyewe, kwa nguo yangu, ilikuwa hivi. Nguo nyingi za tumbo zina upenyo chini, ule wa kwendea haja, na zina kulabu zilizofunikwa na zipu ubavuni. Mrija niliuacha ushuke wenyewe kufuata mkunjo wa paja, ukatokea kwenye ule upenyo. Kuna mwenzangu wodini aliutoa kati ya kulabu mbili, naye akawa salama. Usiupitishe juu ya mfupa wa nyonga, maana nguo itaugandamiza pale pale, na usiulaze chini ya mstari wa zipu.

Kuvaa: lala chali, magoti yamekunjwa, msaidizi ashike mirija yote kwa mkono mmoja. Kulabu kwanza kuanzia chini, zipu baadaye. Ukishafunga, pitisha kidole juu ya nguo kufuata mrija mwanzo hadi mwisho. Ukihisi kona kali, fungua, anza upya. Inachosha, najua. Siku za mwanzo sisi kuvaa kulikuwa shughuli ya nyumba nzima.

---

Msubiri Zamu

Naweka kambi hapa, nimepangiwa hivi karibuni. Hiyo nguo unakwenda nayo au wanakupa?

---

Mama Pacha

Inategemea daktari. Wengine wanakuvalisha ukiwa bado usingizini, unaamka nayo. Muulize mapema, na muulize pia saizi. Usinunue ya mwili unaoutarajia, nunua ya mwili uliovimba, maana utavimba. Ya awamu ya kwanza huwa laini kidogo, ile ngumu zaidi huja uvimbe ukipungua. Na ziwe mbili, moja ikifuliwa nyingine iko mwilini.

---

Kaka Mkimya

Wanaume nasi tupo jamani. Mimi niliondoa matiti ya kiume. Dreni moja kila upande, zimetokea chini ya kwapa, na fulana ya kubana yenye zipu mbele.

Kwetu zipu haisumbui, iko katikati ya kifua, mirija iko pembeni. Kinachosumbua ni ukingo wa kwapa. Ukishusha mkono, fulana inasukuma mrija kwenye ngozi, na jioni unakuta alama imejichora kama umelalia waya. Nilikuwa naweka gozi (kile kitambaa laini cha kufunikia kidonda) iliyokunjwa kati ya mrija na ngozi, mahali pale pale panapogandamizwa. Vipira nilivibana kwa pini kwenye ukingo wa chini wa fulana, upande wa nje, halafu juu nikavaa shati pana la vifungo. Kuvua tisheti kwa kuinua mikono juu, sahau kwanza.

Pini ipite kwenye kile kitanzi cha plastiki kilicho juu ya kipira, isipite kwenye mrija wala kwenye kipira chenyewe. Ukitoboa hapo umeua uvutaji wote. Na mrija usikazwe, uache ulegee kidogo, la sivyo ukinyanyuka kitini unavuta mshono.

---

Nesi wa Zamu

Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi, niongeze machache. Ya daktari wako ndiyo ya kwanza, haya ya kwangu ni ya jumla.

Aina anayoisema mwenye uzi wengi huiita JP, kifupi cha Jackson-Pratt. Kipira chake cha kawaida kinabeba mililita 100. Kisisubiri kujaa. Kikifika nusu, kimwage, kwa sababu kadiri kinavyojaa ndivyo nguvu ya kuvuta inavyokwisha. Kwa kawaida ni mara mbili au tatu kwa siku, siku za mwanzo hata zaidi. Nawa mikono kabla, fungua kizibo bila kugusa mdomo wake, mimina kwenye kikombe cha vipimo, kibinye kipira mpaka kibonyee vizuri, na ukiwa bado umekibinya ndipo ufunge. Watu wanafunga kwanza halafu wanabinya, kisha wanashangaa hakivuti. Nawa tena.

Kukamua mrija: vidole vya mkono mmoja vibane mrija karibu na ngozi na vikae hapo hapo, visisogee. Vidole vya mkono wa pili viteleze kuelekea kwenye kipira, vikisukuma mabonge. Mkono ule wa kwanza ndio unaolinda mshono. Ukikamua bila kushika juu, unajichomoa mwenyewe. Mkiwa na nguo ya kubana, fanyeni hivi wakati wa kuoga au mkifungua upande mmoja, kwa sababu sehemu inayoziba mara nyingi ndiyo ile iliyo chini ya kitambaa.

Rangi: mwanzo nyekundu iliyokolea, baadaye waridi, mwisho njano ya majimaji. Ikirudi nyekundu mbichi na kipira kinajaa haraka, usisubiri asubuhi. Vivyo hivyo homa ya 38 na zaidi, usaha, harufu mbaya, wekundu unaotambaa, au upande mmoja kuvimba ghafla na kuwa mgumu. Na jambo ambalo halihusiani na dreni lakini linaua: mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi kukata na kifua kuchoma. Hilo ni la dharura, usije kuuliza humu.

Kuna kitu kingine watu hawakitofautishi. Kipira kikijaa hewa muda mfupi baada ya kukibinya, huo si uponaji. Ama kizibo hakijakaa, ama mrija umesogea hadi baadhi ya vitundu vyake vimetoka nje ya ngozi na vinavuta hewa ya chumbani. Kizibo kague mwenyewe, hilo la pili ni la hospitali.

Lini zinatolewa? Madaktari wengi wanataka kila dreni iwe chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Wengine wanashusha zaidi ya hapo. Ndiyo maana kila dreni inaandikwa peke yake. Usijumlishe.

---

Shujaa wa Titi

Asante nesi. Naomba niwatahadharishe wenzangu wa kundi langu, maana kwenye nyuzi nyingine nasoma watu wanaambiana "bana vizuri, bana zaidi" na siyo kwa kila mtu.

Mimi nilikatwa titi kwa ajili ya saratani, nikatengenezewa jingine kwa nyama na ngozi ya tumboni mwangu. Kwa hiyo nilikuwa na dreni kifuani na nyingine tumboni kwa wakati mmoja. Tumboni niliruhusiwa mkanda, tena si kwa kukazwa sana. Kifuani HAKUNA. Ile nyama imehamishwa na mishipa yake midogo ya damu ikaunganishwa na mishipa ya kifuani, ukiiwekea mgandamizo unaweza kuziba njia ya damu na titi zima likafa. Sidiria yangu ya kwanza ilikuwa laini, bila waya, inafunguka mbele, na nilipewa siku waliyoamua wao.

Kwa hiyo kabla hujauliza nguo ibane kiasi gani, uliza ni wapi isibane kabisa. Hata waliohamishiwa mafuta makalioni nasikia wanapewa onyo la aina hiyo hiyo, sehemu iliyopokea mafuta haigandamizwi.

Upande wa kuoga: chukua utepe mrefu au kamba laini ya kitambulisho, ivae shingoni, vipira vyote vining'inie hapo. Mikono inabaki huru. Ile ya kuvishika mkononi huku unajipaka sabuni haiwezekani, utaviangusha tu, na kipira kikianguka kinavuta mshono mpaka machozi yatoke. Hakikisha tu kamba ni ndefu, vipira vikae chini ya pale mirija inapotokea. Na maji ya bomba yanayotiririka tu, tena baada ya daktari kuruhusu. Kujiloweka kwenye beseni bado sana.

---

Mume Muuguzi

Mimi sikufanyiwa, alifanyiwa mke wangu. Nilikuwa mvalishaji, mvuaji, mwandishi na mlinzi wa mlango.

Kuhusu kuoga, kuna jambo hakuna aliyelisema. Mara ya kwanza tulipovua ile nguo yote kwa mkupuo, aliniambia "naona giza" na miguu ikaisha nguvu. Nilimdaka. Baadaye tulielezwa kwamba mwili uliobanwa muda mrefu ukiachiwa ghafla, damu inashuka chini na presha inaanguka, hasa ukiwa umesimama, hujala vizuri, na bafu lina mvuke wa moto. Tangu hapo tulifanya hivi: anakunywa maji na kula kitu kidogo, anakaa kitandani, nafungua zipu, tunasubiri. Nafungua kulabu chache, tunasubiri. Kisha ndipo anasimama. Bafuni kuna kiti cha plastiki, maji ya uvuguvugu, mlango haufungwi kwa ndani. Haikutokea tena.

Daftari letu lilikuwa na safu za tarehe, saa, kushoto, kulia, rangi. Nilibandika kipande cha plasta kwenye kila kipira nikaandika "kulia" na "kushoto". Inaonekana upuuzi mpaka saa nane ya usiku mkiwa na usingizi. Na lile daftari lilitufundisha kitu: kila alipojisikia vizuri akazungukazunguka nyumba nzima akipanga vitu, kesho yake kipimo kilipanda. Kutembea kidogo kidogo aliambiwa ni lazima, damu isigande miguuni. Lakini kupanga kabati, kuinama, kunyanyua, hapana. Nilikuwa namwonyesha namba, tunamaliza ubishi.

Kulala: mgongo umeinuliwa kwa mito, mito mingine chini ya magoti, ili tumbo lisivutike. Vipira tulivibana kwenye nguo ya kulalia kwa mbele, kimoja kila upande, asiweze kuvilalia.

---

Kiuno Kipya

Mume Muuguzi, huyo mkeo amebarikiwa 😄. Mimi wangu akiona kikombe cha vipimo anatoka nje.

Nimejaribu ya Mama Pacha leo, nimetoa mirija kwenye upenyo wa chini. Upande wa kulia uko safi. Wa kushoto ukingo wa nguo unakata kwenye mkunjo wa paja, pamekuwa pekundu. Hiyo ni kawaida au nguo ndogo?

---

Nesi wa Zamu

Wekundu unaofifia muda mfupi baada ya kulegeza, sawa. Usiofifia, au palipoota lengelenge, si sawa. Angalia pia kama kitambaa kimejikunja, maana mkunjo mmoja unagandamiza kuliko nguo nzima. Ivute iwe bapa, weka gozi au kipande cha sponji ile maalumu chini ya ukingo. Nguo imebana kupita kiasi kama huwezi kuvuta pumzi ndefu, kama miguu inakufa ganzi au inabadilika rangi, kama maumivu yanaongezeka kila saa inavyokwenda. Kwenye tumbo fahamu kwamba ngozi ya chini ya kitovu bado haina hisia nzuri, inaweza kuumia usijue. Kwa hiyo tumia macho, kwa kioo, kila unapovua.

---

Haraka Haraka

Mbona mimi sikuwekewa dreni kabisa na tumbo langu limekazwa? Daktari wangu anasema dreni ni mambo ya zamani.

---

Nesi wa Zamu

Si mambo ya zamani, ni njia tofauti. Wewe huenda ulishonwa nyuzi nyingi za ndani zinazoshikiza ngozi kwenye misuli hatua kwa hatua, nafasi ya maji kukusanyika ikafungwa. Mbinu hiyo ilielezwa na Harlan Pollock na Todd Pollock wa Marekani mwaka 2000, na wapo madaktari wanaoitumia bila dreni. Wengine wanafanya vyote viwili. Usimkatishe tamaa mwenzako aliyenazo.

---

Nimetua

Nimesoma wote. Niwape ya baada ya kutolewa, kwa sababu watu wanadhani hapo ndipo mwisho.

Kutolewa kwenyewe: wanakata uzi unaoshika mrija, wanakwambia vuta pumzi, toa, na wakati unatoa wanavuta. Haiumi sana kama nilivyoogopa, ila hisia ni ya ajabu, kitu kirefu kinateleza ndani yako na hukujua kilikuwa kirefu hivyo. Tundu lilivuja kidogo kidogo siku iliyofuata, nikaweka gozi na kubadilisha kila ikilowa. Hilo waliniambia mapema.

Halafu ikaja seroma. Nguo nilikuwa nimevaa, masharti nimefuata, na bado maji yakajikusanya juu ya kinena. Ukiguza upande mmoja, upande wa pili unatikisika. Nilirudi kliniki, wakayavuta kwa sindano. Sikuhisi hata sindano kwa ile ganzi anayoisema nesi. Yakarudi, wakavuta tena, kila mara kiasi kikipungua. Wakaniongezea sponji ndani ya nguo pale pale, mpaka yakakoma. Naliandika hili kwa sababu kuna mtu alinitumia ujumbe faragha akaniambia seroma ni ya wazembe. Hapana. Nguo na dreni zinapunguza uwezekano, haziufuti.

Nguo yenyewe niliendelea nayo wiki kadhaa baada ya dreni. Bila mirija ilikuwa raha tupu, nikaanza hata kuizoea. Kuifua ni kwa mkono, maji baridi, na usiianike kwenye joto kali, ile elastiki inalegea na nguo iliyolegea haikusaidii chochote.

---

Msubiri Zamu

Jamani, swali la mwoga: na kama mrija ukichomoka wenyewe usiku? Naurudisha?

---

Mama Pacha

Weeee! Usirudishe.

---

Nesi wa Zamu

Kamwe. Uliotoka nje haurudi ndani, utaingiza vijidudu. Funika tundu kwa gozi safi, gandamiza taratibu kama panavuja damu, vaa nguo yako juu yake. Mrija wenyewe usiutupe, uweke kwenye mfuko safi, daktari atataka kuona kama umetoka mzima au kipande kimekatikia ndani. Halafu piga simu ya kliniki usiku huo huo. Mara nyingi watakuangalia tu na kuamua kama unahitaji mwingine, kutegemea namba zako za siku zilizopita, kwa hiyo uende na daftari.

---

Mume Muuguzi

Na namba ya kliniki iandikwe kwenye jalada la hilo daftari. Simu ya mgonjwa ina nywila, usiku ule huikumbuki.